Picha ya babu, kibao kilichovunjika na mchoro wa Wales: mfano wa injini ya machimbo uanzie wapi?

"Shikamoo mtaalamu. Ninafundisha ufundi katika sekondari moja hapa Kigoma. Nyumbani tuna picha ya babu amesimama kando ya kichwa kidogo cha treni na matoroli ya mawe; nyuma ya picha wameandika 'Kigoma' tu, hakuna mwaka. Pamoja na picha tumerithi kipande cha kibao cha shaba kinachosomeka KOPPEL, BERLIN na tarakimu nne. Fundi mmoja mstaafu aliniambia hiyo ni namba ya treni, na kwamba injini yenyewe ni ya reli ya kati iliyofupishwa ili iingie machimboni. Nataka kutengeneza mfano wake na wanafunzi kwa ajili ya maonyesho. Mtandaoni nimepata mchoro kamili wa injini ya machimbo ya Wales, ya kiwanda cha Hunslet. Nikiongeza kibanda na kubadilisha dohani, si itafaa? Na je, tunaweza kuifanya itembee kwa mvuke kweli, kwa kutumia kopo la dawa ya mbu kama boila?"

Marahaba, mwalimu. Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari: kopo la dawa ya mbu lisiwekwe juu ya moto, hata likiwa tupu, hata kwa jaribio la dakika moja. Sababu zake nitazieleza huko mbele. Kuhusu mchoro wa Wales jibu ni hapana pia, ila hiyo ni hapana ya aina nyingine: utapata mfano mzuri wa injini ambayo babu yako hakuwahi kuigusa. Mchoro unaouhitaji tayari unao, umo ndani ya ile picha. Kazi ni kuutoa.

Kabla ya hapo, tumweke sawa fundi mstaafu. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na njia yake ina upana wa milimita 1,000 kati ya reli mbili. Injini ya njia hiyo haifupishwi ikaingia njia nyembamba. Ekseli, bamba za fremu, mahali pa silinda, hata upana wa sanduku la moto, vyote hupangwa kufuata nafasi iliyopo kati ya magurudumu. Ukibadilisha nafasi hiyo umetengeneza injini mpya. Machimbo, mashamba na kazi za ujenzi duniani kote zilitumia zaidi njia ya kuhamishika ya milimita 600: vipande vya reli vilivyokwisha kufungwa kwenye mataruma ya chuma (mihimili inayolala chini ya reli), wanaume wachache wanakinyanyua kimoja na kukilaza upande mwingine wa shimo. Injini za njia hiyo zilitengenezwa hivyo tangu kiwandani, na mmoja wa watengenezaji waliojulikana zaidi ni Orenstein & Koppel, kampuni iliyoanzishwa Berlin mwaka 1876.

Hapo ndipo kibao chako kinapokuwa mali. Zile tarakimu nne si namba ya treni, na wala si lazima ziwe mwaka. Kwenye kibao cha kiwanda namba inayotangulizwa ni namba ya utengenezaji, inayotolewa mara moja kwa injini moja na haibadiliki hata injini ikiuzwa mara tano. Mwaka, ukiwepo, huandikwa peke yake. Namba za injini za mvuke za Koppel baadaye zilifika tarakimu tano, kwa hiyo nne ni dalili kwamba yako si ya miaka ya mwisho. Utazame na ule ukingo uliovunjika, kabla ya neno KOPPEL: je, kuna mabaki ya alama ya "&", au ya herufi R? Hadi mwaka 1909 kampuni ya Arthur Koppel, iliyojitenga na ya Orenstein, iliuza kivyake, hasa nje ya Ujerumani, ikitumia jina lake. Mwaka huo kampuni hizo mbili ziliungana tena. Herufi moja hapo inaweza kukusogeza miaka kadhaa.

Kibao usikisugue kwa msasa wala dawa ya kung'arishia shaba. Herufi zilizolika huonekana vizuri zaidi ukiweka karatasi nyembamba juu yake na kupitisha penseli laini kwa ubavu, kisha ukakipiga picha mwanga wa taa ukitoka pembeni kabisa. Namba hiyo ikisomeka bila shaka, zipo orodha za injini zilizotoka kiwandani hapo, zilizokusanywa na wapenzi wa reli wa Ulaya. Kwa kawaida zinataja upana wa njia, nguvu ya injini kwa farasi na mteja wa kwanza. Ukiwaandikia, watumie picha ya karatasi uliyosugua, usiwatumie unachodhani kinasomeka. Tarakimu 3 na 8 zimewapoteza wengi.

Tahadhari mbili hapa. Kibao cha Berlin hakithibitishi kwamba injini ililetwa na Wajerumani. Wabelgiji waliitwaa Kigoma mwaka 1916 na wakaendelea kuwa na eneo lao la bandari hapo hata Waingereza walipotawala Tanganyika, na injini ndogo za milimita 600 zilinunuliwa na kuuzwa kama zilivyo pikipiki za mtumba leo. Ya pili ni kwamba kibao na picha huenda si vya injini moja. Watu waliofanya kazi na mashine walihifadhi kibao cha injini iliyokufa, wakapiga picha na iliyo hai. Mpaka utakapoona kwenye picha mahali kibao hicho kilipokaa, chukulia kwamba hivi ni vidokezo viwili tofauti.

Sasa mchoro wa Wales. Hunslet ya Leeds ilitengeneza injini hizo kwa machimbo ya mawe ya kuezekea ya Penrhyn na Dinorwic, kaskazini mwa Wales, kwenye njia ya milimita 578 hivi. Tangi lake la maji limekaa juu ya boila kama tandiko juu ya punda, na mitambo inayoongoza mvuke imefichwa katikati ya fremu, kwa hiyo ubavuni huonekana silinda na mikono ya magurudumu tu. Nyingi za Dinorwic hazikuwa na kibanda kabisa. Injini ndogo za Koppel nyingi zilibeba maji chini, katikati ya bamba mbili za fremu, boila likabaki wazi. Na mitambo ya mvuke ikawa nje, imening'inia mbele ya macho. Ukiongeza kibanda kwenye mchoro wa Hunslet bado una tangi mahali pasipo na tangi, na ubavu mtupu mahali penye vyuma vingi kuliko pote.

Kipimo cha haraka unaweza kukifanya leo. Chukua kioo cha kukuzia, angalia picha chini ya boila, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Ukiona mwanga wa upande wa pili, tangi haliko kwenye fremu. Ukiona giza la bamba tupu, karibu hakika liko hapo. Dohani yenye kichwa kipana nayo husema jambo: mara nyingi ndani yake mna kizuizi cha cheche, dalili kwamba injini ilikuwa ikila kuni.

Haya, tutoe vipimo. Ipeleke picha ikapigwe skani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Kama skani haipo, ipige kwa simu ukiwa umesimama mbali kama mita moja na kuvuta karibu, picha ikiwa katikati ya kioo. Ukiikaribia sana, lenzi ya simu hupinda kingo. Kosa la kawaida ni kuweka rula juu ya picha, kupata urefu, na kuzidisha. Haliwezi kutoa jibu sahihi kwa sababu injini haikupigwa ubavu kamili: sehemu ya mbele iko karibu na kamera kuliko ya nyuma, na urefu wote umebanwa kwa kuwa ubavu umegeuka. Kuna makosa mawili ndani ya namba moja.

Bahati nzuri gurudumu linatatua yote mawili. Gurudumu ni duara. Likitazamwa kwa pembeni huwa duaradufu, kimo chake kikibaki vilevile na upana wake ukipungua. Tuseme gurudumu la mbele lina kimo cha pikseli 140 na upana wa pikseli 126. Gawanya 126 kwa 140, unapata 0.9. Basi kila kipimo cha kulala ubavuni mwa injini kimepungua hadi 0.9 ya ukweli wake, na ukitaka ukweli unakigawa kwa 0.9. Uso wa mbele umebanwa zaidi. Wanafunzi wachore pembetatu mraba yenye upande mrefu wa sentimita 10 na mwingine wa 9. Kwa Pythagoras upande wa tatu ni 4.36. Maana yake vipimo vya kulala vya uso wa mbele, pamoja na upana wa njia, vimebaki 0.436.

Pima sasa nafasi kati ya nyuso za ndani za reli mbili, pale pale chini ya magurudumu ya mbele. Za ndani, si katikati ya reli hadi katikati. Tuseme ni pikseli 73. Gawanya kwa 0.436, unapata 167. Kama njia ni ya milimita 600, basi mahali hapo pikseli moja ni milimita 3.6 hivi, na gurudumu la pikseli 140 lina kipenyo cha karibu milimita 500.

Halafu inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote. Magurudumu ya injini hii yameunganishwa kwa mkono mmoja wa chuma, kwa hiyo ni lazima yawe na kipenyo sawa. Yakitofautiana, moja lingelazimika kuburuzwa kila mzunguko. Kumbe gurudumu la nyuma nalo ni milimita 500, hata kama kwenye picha lina pikseli 128 tu. Huko nyuma, basi, pikseli moja ni milimita 3.9. Wastani wa 3.6 na 3.9 ni 3.75. Ikiwa kutoka ekseli hadi ekseli kuna pikseli 336, gawanya kwa 0.9 upate 373, zidisha kwa 3.75: milimita 1,400. Umepata kipimo muhimu kuliko vyote, na fremu nzima hufuata hapo. Ukipata 1,387 au 1,412 usijisumbue, andika 1,400. Mchoraji wa Berlin alifanya kazi kwa milimita na kwa kawaida alichagua namba kamili, na skani yako haina uwezo wa kubishana naye kwa milimita kumi na mbili.

Hesabu yote hiyo imesimama juu ya ile 600, kwa hiyo itafutie ushahidi. Reli nyembamba za zamani huishia kuwa nguzo za uzio au vizingiti vya jikoni. Ukiikuta moja ipime: yenye kimo cha milimita 65, kitako 50 na kichwa 25 ni reli ya kilo 7 hivi kwa mita, yenye 70, 58 na 32 ni ya kilo 10. Hizo ni reli za aina ya machimboni, lakini kimo cha reli hakikupi upana wa njia. Upana unapatikana kwenye taruma la chuma lenye mashimo ya vishikizo vyake, na taruma moja zima linashinda reli kumi. Ukilikosa, tumia kimo cha babu kama kipimo cha pili. Waulize wazee alilingana na nani katika waliopo, kisha umpime huyo. Babu na injini wawe umbali mmoja kutoka kwa kamera, la sivyo kipimo hicho hakifai.

Kuhusu skeli, wengi duniani huunda injini za njia hii kwa 1:19 kwa sababu ya reli za mfano za milimita 32 zinazouzwa tayari. Usinunue magurudumu ya njia ya milimita 45 kwa kuwa tu umeyaona yakiitwa "ya njia nyembamba". Kwa skeli yao ya 1:22.5 hayo yanawakilisha njia ya mita moja, yaani reli ya kati. Kwa maonyesho ya shule, mkijitengenezea reli wenyewe, ningechagua 1:20 bila kusita: njia milimita 30, gurudumu 25, ekseli hadi ekseli 70, na babu wa mita 1.70 anakuwa na milimita 85. Wanafunzi wanagawa kwa kichwa.

Vifaa vipo sokoni. Boila ni kipande cha bomba la plastiki la milimita 32, lililozungushiwa karatasi ya manila hadi lifike unene uliopima. Kila mzunguko huongeza kipenyo kwa unene wa karatasi mara mbili, hivyo manila ya milimita 0.3 huhitaji mizunguko saba kutoka 32 hadi 36. Fremu na kibanda kata kwenye bati la kopo la maziwa au la mafuta, ambalo hushika risasi ya kulehemu vizuri. Kopo la soda halifai: ni aluminiamu, na utando unaojifunga juu yake hukataa risasi ya kawaida. Bati la kuezekea nalo likipashwa moto hutoa moshi wa zinki, msililehemu darasani. Vipande vya kadibodi vipakwe vanishi pande zote mbili. Kikipakwa upande mmoja, msimu wa mvua upande ulio wazi hunywa unyevu, hutanuka, na paa la kibanda hujikunja.

Mifano mingi hukwama kwenye mikono ya magurudumu, kwa hiyo hapa nenda polepole. Nafasi kati ya mashimo ya mkono ikitofautiana na nafasi kati ya ekseli hata kwa nusu milimita, magurudumu yatazunguka robo tatu na kukaza. Dawa yake si kupima vizuri zaidi. Bana bamba mbili za fremu na mikono miwili pamoja kwenye jiliwa, zote nne kama kitu kimoja, kisha toboa matundu mawili kwa keekee ya milimita 1.5 yapite zote kwa mpigo. Baada ya hapo zitenganishe, uyapanue ya fremu kufikia ukubwa wa ekseli. Hata kama mmepima vibaya, zote zimekosea sawasawa na zitazunguka. Pini zinazoshika mikono kwenye magurudumu, zile za upande wa kulia zitangulie za kushoto kwa robo duara, kama ilivyo kwenye injini halisi. Pini za pande zote mbili zikilala kwenye mstari mmoja kwa pamoja, hakuna upande unaousukuma mwenzake kupita hapo. Kwa gurudumu, bandika diski ya milimita 25 juu ya washa ya milimita 27 yenye unene wa milimita moja ili ipatikane kingo ya kushika reli, na acha milimita 27 kati ya migongo ya magurudumu.

Rangi ya ubao wa darasani ndiyo nyeusi isiyong'aa bora kuliko zote kwa kazi hii. Lakini usipake kila kitu cheusi kwa kuwa picha inaonyesha cheusi. Filamu nyingi za zamani hazikuona rangi nyekundu: boriti nyekundu ya mbele hutoka nyeusi, na buluu hutoka karibu nyeupe. Kilicho giza kwenye picha kinaweza kuwa chekundu, na usipopata shahidi, ni halali kupaka nyeusi na kuandika kwenye lebo kwamba ni makisio.

Turudi kwenye mvuke. Kopo la dawa ya mbu limetengenezwa likae mahali pa baridi. Lebo yake yenyewe inakataza jua kali, sembuse moto. Maji yaliyofungiwa yakipita nyuzi 100 hayachemki kwa utulivu. Chombo kikipasuka hugeuka mvuke kwa ghafla, na mvuke huo huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji. Kulehemu chombo kingine kwa risasi ya kawaida hakuokoi, kwa sababu risasi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi. Maadamu maji yapo hupozwa, yakipungua chuma hupanda joto kwa sekunde chache na mshono huachia. Boila za mifano zinazokubalika ni za shaba nyekundu iliyounganishwa kwa madini ya fedha, zina vali ya usalama, na kabla ya moto hujaribiwa kwa maji baridi kwa shinikizo mara mbili ya lile la kazi. Hiyo si kazi ya kujifunza kwa kusoma jibu hili; inataka mtu mwenye uzoefu asimame nanyi, na kama hayupo, iacheni. Mota yenye giaboksi ya plastiki ya njano, ile ya vifaa vya robotiki vya shule, hutoa mizunguko 200 hivi kwa dakika kwa volti 6. Kwa volti 3 inakaribia nusu, ambayo kwa gurudumu la milimita 25 ni mwendo wa kilomita 10 hivi kwa saa ukiuzidisha kwa skeli. Ndio mwendo wa machimboni. Isimamishe ndani ya kibanda, juu ya ekseli ya nyuma, ukishapima kama inaingia.

Na ikitokea mkasikia mahali mwili wa injini ya zamani umelala, wanafunzi wasikwangue boila. Zile tabaka nyeupe za nyuzinyuzi chini ya bati lake mara nyingi ni asbesto, na vumbi lake hukaa mapafuni maisha yote. Pimeni nje, bila kugusa, na mjulishe mamlaka kabla wanunuzi wa skrepa hawajafika.

Kwa karatasi, faili za enzi za Wajerumani na Waingereza ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam; omba za machimbo na ujenzi wa reli, usiombe za injini. Tabora kuna chuo cha reli, na mjini humo wapo wastaafu wa karakana wanaoweza kuitazama picha na kukwambia chuma gani kinafanya nini. Kwa wazee wa Kigoma na Ujiji, usiwaulize "Ilikuwa ya Mjerumani?", maana watakujibu ndiyo kwa heshima tu. Mpe mzee picha, umwombe aonyeshe kwa kidole kuni ziliwekwa wapi, maji yalimiminwa tundu gani, na dereva alipandia upande upi. Tundu la maji likiwa chini karibu na fremu, umeshajua tangi liko wapi hata kabla hujagusa kioo cha kukuzia.